Nani Aondoke na Sufiani?

Haya, kaeni. Wewe mwenye karanga, ama utugawie sote ama uache kutafuna, maana hii ya leo haitaki kelele za meno. Na nawaambia mapema, msije mkanilaumu: mwisho wake sinao. Nimeutafuta nikaukosa, ndiyo maana nimewaita.

Palikuwa na nyumba moja kule Korogwe, na ndani yake wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Mwanjaa, mwenye nyumba. Kipaji chake kilikuwa nguvu. Alifanya kazi ya kuanika mkonge shambani, akitoka alfajiri na kurudi jua linazama, na bado akifika anapasua kuni, anateka maji, anaogesha watoto watatu na kukagua madaftari. Ukimwona amekaa, ujue anaumwa.

Wa pili alikuwa Bi Kidawa, mama mkwe wake, aliyeteremka kutoka milima ya Lushoto kuja kusaidia wajukuu. Kipaji chake kilikuwa jicho. Hakuna kilichompita yule bibi. Kifungo kikilegea kwenye shati anakiona, mtoto akificha barua ya mwalimu anajua iko wapi.

Wa tatu alikuwa Tunu, mdogo wake Mwanjaa, muuza juisi pale stendi. Yeye kipaji chake kilikuwa mkono mwepesi. Kumtoa mtoto mwiba, kusuka kichwa chenye vidonda, kumlisha mgonjwa aliyegoma kula, mwiteni Tunu.

Na baba? Baba yupo. Shebughe, dereva wa lori. Leo Kigoma, kesho Dodoma, nyumbani anakuja kama mgeni, na mikate mkononi. Tutamfikia.

Sasa katika wale watoto watatu, mkubwa alikuwa Sufiani, darasa la pili. Mtoto mpole, mcheshi, alikwisha kuacha kukojoa kitandani zamani sana. Ghafla akaanza tena. Kila siku godoro limelowa chapachapa.

Nyie mliolea mnajua. Asubuhi yenyewe ya kukimbizana: huyu hajapata soksi, yule amemwaga uji, wa mgongoni analia, gari la wafanyakazi linapiga honi barabarani, halafu unafunua shuka unakuta bwawa. Mwanjaa alimsema siku ya kwanza. Siku zilizofuata alimchapa. Alipoona fimbo haisaidii, akalitoa godoro akaliegemeza mbele ya nyumba, watoto wenzake wanaokwenda shule walione na kucheka. Mwisho akampiga marufuku kunywa maji kuanzia saa za alasiri. Mtungi akaufunika, na juu ya kifuniko akaweka jiwe.

"Utakojoa nini kama hukunywa?" alimwambia. "Tuone!"

Sufiani akawa anakojoa vilevile. Na kiu ikawa inamtesa, jamani, kiu ya kutisha. Siku moja alikutwa amepiga magoti bandani anakunywa maji ya kuku. Alichapwa kwa hilo pia.

Msimwone Mwanjaa mkatili. Alifundishwa hivyo, nami na wewe tumefundishwa hivyohivyo. Alitaka mwanawe asije akaaibika mbele za watu, na hakuwa na nafasi hata ya kukaa chini akamtazama usoni.

Bi Kidawa aliona. Yeye ndiye aliyekuwa akifua yale mashuka. Na alipoyaanika, aliona jambo ambalo hakupata kuliona kwa wajukuu wengine: sisimizi walipanda. Walipita kwenye nguo nyingine zote bila habari, wakajaa kwenye shuka la Sufiani, palepale penye mkojo. Aliona pia mtoto anakula sana na mbavu zinahesabika.

Sasa mbona hakusema? Ah! Hapo ndipo penye ubaya. Mwanzoni kabisa alijaribu kumkinga mtoto asichapwe, na Mwanjaa, akiwa amechoka na amechelewa, akamjibu, "Mama, wewe ulishalea wa kwako ukamaliza. Niachie nami nilee wangu." Bibi akasusa. Akaapa kwamba katika nyumba ile hatafungua tena kinywa juu ya malezi ya mtoto. Akafua, akaanika, akawaona sisimizi, akanyamaza. Alimpenda yule mtoto, lakini neno lile lilimchoma, na alitaka siku moja aombwe radhi kwanza.

Na Tunu je? Tunu alikuwa na huruma. Sufiani akitoka shule alipitia stendi, midomo imemkauka. Tunu akimwona roho inamuuma, anamwita nyuma ya meza na kumjazia kikombe cha juisi ya ukwaju yenye sukari ya kutosha. Akimaliza anamwongeza. "Kunywa, mwanangu, usimwambie mama," alikuwa akimnong'oneza. Kila jioni. Huruma tupu, na kila kikombe kilikuwa kinammaliza.

Basi mmeshawaona wote watatu. Tuendelee.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Sufiani aliamka anatapika. Alilalamika tumbo, Mwanjaa akadhani anakwepa shule. "Vaa viatu, twende!" Mtoto akainama kuvaa kiatu, akaanguka na kiatu mkononi. Alipumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka mbioni, macho hayamtazami mtu.

Mwanjaa hakupiga kelele. Alimtupa mgongoni, akafunga kanga, akatoka. Njia ilikuwa tope jekundu. Bodaboda wa kwanza alikwama, wa pili alikataa kabisa kushuka bondeni. Maji yalikuwa yamepita juu ya kidaraja, na watu wamesimama ng'ambo hii wanangoja yapungue. Mwanjaa hakungoja. Aliingia hadi kiunoni na mtoto wake mgongoni, watu wanamfokea arudi, akavuka, akapanda kilima kile chote bila kumweka chini. Bi Kidawa alivushwa baadaye na vijana, akamkuta kwenye benchi la hospitali, miguu inamchuruzika damu, anaita, "Daktari! Mwanangu! Daktari!"

Daktari alisema baadaye kwamba mtoto angechelewa kidogo tu, wasingepata mtu wa kumtibu. Basi wa kwanza kumwokoa ni Mwanjaa.

Lakini kufika si kupona. Msimu ule wodi ilijaa watoto wa malaria, wawili wawili kitandani. Daktari alimwona mtoto amelegea, amekauka, ametapika, akaagiza apimwe damu na atundikiwe haraka dripu ya maji yenye sukari apate nguvu. Muuguzi akawa ameshaining'iniza. Daktari, naye kijana mwema, akauliza, "Kuna kingine chochote mlichokiona nyumbani?"

"Hakuna," alisema Mwanjaa. "Ni kukojoa kitandani tu."

Bi Kidawa alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alikikumbuka kiapo chake. Alimtazama mkwewe, akamtazama mjukuu, akakivunja.

"Mkojo wake unapandwa na sisimizi, daktari. Anakunywa hashibi maji, anakula na anakonda."

Daktari alimshika muuguzi mkono. Akamtoboa mtoto kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, na kipimo kikashindwa hata kutoa namba, kikaandika tu kwamba sukari imepita kiasi. Dripu ile ikashushwa, ikaletwa nyingine, na dawa nyingine. "Bibi, tungempa ile ya kwanza tungemuua," alisema. Basi wa pili kumwokoa ni Bi Kidawa.

Halafu daktari akauliza, bila nia mbaya, "Hao sisimizi umeanza kuwaona lini?"

Bibi akainamisha kichwa. "Tangu vuli."

Na sasa ilikuwa masika. Mwanjaa aligeuka akamtazama mama mkwe wake kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Kisha daktari akaeleza ugonjwa wenyewe: kisukari, kile kinachowapata watoto. Akasema mtoto hakuwa mkaidi wala mvivu, mkojo ule asingeweza kuuzuia, na kiu ile ilikuwa mwili unaomba kuokolewa. Mwanjaa aliposikia neno kiu, alikaa chini sakafuni. Alilia mpaka wauguzi wakamtoa nje. Lile jiwe alilokuwa akiliweka juu ya mtungi, aliliweka kwa mikono yake mwenyewe.

Mtoto akarudi nyumbani na sindano. Kabla ya chai achomwe, kabla ya chakula cha jioni achomwe, na katikati awepo mtu wa kumtazama, maana sukari ikishuka ghafla anaweza kuzimia na asiamke. Maisha yake yote.

Mwanjaa alishika sindano, Sufiani akajikunyata na kuficha uso kwa viwiko. Alidhani anapigwa. Mama akashindwa, akaiweka sindano chini. Alijaribu tena siku nyingine, ikawa yaleyale. Bi Kidawa naye mikono ilikuwa ya uzee, haitulii.

Tunu akafunga meza yake ya juisi. Aliposikia juisi ile ilikuwa ikifanya nini mwilini mwa mtoto, hakula siku nzima, akaja kukiri mbele ya wote. Kisha akaenda hospitali kujifunza. Alimchoma Sufiani huku akimsimulia vichekesho vya stendi, na mtoto asitikisike. Friji hawana, akatafuta chungu, akakizungushia mchanga mbichi, akawa anaumwagilia maji ili dawa iliyo ndani isiharibike kwa joto. Saa ya mapumziko alimfuata shuleni na uji wake. Na siku Sufiani alipoanza kutoka jasho na kuropoka darasani, Tunu ndiye aliyefika, akajua ni sukari imeshuka, akamtia asali mdomoni akazinduka. Basi wa tatu kumwokoa ni Tunu.

Mmeona? Pasingekuwa na mgongo wa Mwanjaa, asingefika. Pasingekuwa na jicho la Bi Kidawa, angefia hospitali. Na bila mkono wa Tunu, angefia nyumbani.

Sasa Tunu amepata mchumba, mtu wa Muheza, ndoa imeshafungwa, gari la kumchukua linakuja. Bi Kidawa naye ameamua kurudi Lushoto, kwani yeye na mkwewe wanapeana salamu tu na hakuna la zaidi. Shebughe ameitwa kutoka safari. Amekaa sebuleni, kofia mapajani, na wanawake watatu mbele yake, kila mmoja anamtaka mtoto.

"Nampeleka Muheza," alisema Tunu. "Shemeji, sindano ile hapa nani ataichoma? Mume wangu amekubali, na friji ipo."

"Ulimnywesha sukari kila siku," alisema Bi Kidawa. "Moyo wako ni laini mno. Akikulilia soda utampa. Mwanangu, nipe mimi. Lushoto ni baridi, dawa haiharibiki, binamu yako ni muuguzi na tunaishi uzio mmoja. Na mimi nitaona kila kitu."

"Utaona, mama," alisema Mwanjaa, "halafu mtu akikuudhi utanyamaza, kama ulivyonyamaza tangu vuli mpaka masika."

Bibi akageuka. "Na wewe ulimnyima maji. Mtoto wako alikunywa na kuku!"

"Nilimnyima. Nilimpiga. Naijua dhambi yangu kuliko wewe." Mwanjaa alisimama. "Lakini nilimzaa. Ndugu zake wako hapa, shule yake iko hapa. Nitaacha kazi, nitajifunza sindano hata kwa kujichoma mwenyewe. Mkimwondoa sasa, atakua akijua kwamba mama yake ni yule aliyempiga tu, basi. Hata nafasi ya kumwomba msamaha hamnipi?"

Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli. Shebughe alimtazama mmoja mmoja, na yeye ndiye mtu ambaye muda wote huo hakuwepo.

Akaita, "Sufi! Baba, njoo."

Sufiani akaingia kutoka uani. Akakuta watu wazima wamekaa duara, wote wanamtazama. Alisimama katikati yao, akainua shati, akafumba macho, akageuza uso pembeni kungoja sindano.

"Hapana, baba," alisema Shebughe. "Bado. Siyo saa yake."

Mtoto akafumbua macho, bado shati ameling'ang'ania. "Sasa mbona mnanitazama?"

Nje gari la kutoka Muheza lilikuwa limeshafika, na Bi Kidawa mzigo wake umefungwa tayari mlangoni.

Basi nimefika ukingoni, na sina zaidi. Usiniambie wagawane, mtoto huyu akikosa sindano moja tu hatuna mtoto. Wala usiniambie wapatane kwanza, maana gari liko nje linaunguruma. Nitajie mmoja. Wewe ukiwa Shebughe, Sufiani ungempa nani? Na ukishamtaja, nitakuuliza la pili: utawatazamaje usoni wale wawili waliomwokoa kama yeye, ukiwaambia wamuage mtoto?