Sanduku Moja la Sultani Masudi

Palikuwa na sultani akiitwa Masudi, ambaye hata kutoka chumbani kwenda barazani alihitaji wapagazi sita. Siku moja akaalikwa arusi ng'ambo, kwa mfalme wa nchi ya baridi. Nahodha wa meli akamletea habari chungu: kila abiria sanduku moja, awe nani awe nani. Sultani alinuna siku mbili. Ya tatu akaamuru aitwe Kidawa.

Kidawa alikuwa mjane, hana mbele wala nyuma. Alikuwa na nyumba ya makuti ya vyumba viwili, na mikono inayojua kufunga mizigo ya wasafiri kuliko mtu yeyote mjini. Ulimi wake ndio uliomshinda kuufunga.

"Utanifungia sanduku moja," Sultani akasema. "Nikifika huko nikakosa kitu, hata kimoja, nyumba yako naichukua, na mjini kwangu utahama."

"Hata kimoja, Maulana?"

"Hata sindano!"

"Maulana tangu lini ukashona?"

Waziri akajikohoza, akaangalia dari.

Vitu vikamwagwa juu ya mkeka: vilemba arobaini, majoho tisa, mito, kinu cha kahawa, na kiti cha enzi chenyewe. Kidawa akavizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Utakaa siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na vichwa unavyo vingapi?"

"Kimoja, mwanamke we!"

"Basi vilemba vitatu. Kimoja kichwani, kimoja sandukuni, kimoja kambani kinakauka."

"Nani atakifua?"

"Mwenye kichwa."

Kidawa yuko kazini, anaziviringa nguo mojamoja kama mikeka ili zikae nyingi.

"Joho zito hulipakii," akasema. "Unalivaa."

"Nitatoka jasho melini!"

"Jasho la njiani si kitu, Maulana. Tetemeko la siku kumi na mbili ndilo litakalokuumbua. Na dawa yako ya tumbo na barua ya mwaliko zikae kifuani, si sandukuni. Sanduku likipotea, angalau utajulikana u nani, na tumbo litatulia."

"Na kiti changu cha enzi?"

"Kwani huko arusini hawana viti?"

"Wanavyo."

"Basi kukaa wanajua."

Akatia sindano na uzi, akakalia kifuniko, akafunga kitambaa chekundu kwenye kishikio, maana masanduku ya melini yote ni mapacha. Sultani akaondoka, amevaa joho, jasho linamtiririka.

Msidhani Kidawa hakuogopa, wenzangu. Aliogopa sana. Paa lile aliliezeka marehemu mumewe kwa mikono yake.

Sultani akarudi salama, na sanduku lake zima. Baraza likajaa hadi uani. Sasa, mji ule ulikuwa na ada: mtu hahamishwi nyumbani mwake mpaka mpiga mbiu apite sokoni aitangaze sababu, neno kwa neno. Hata sultani hakuthubutu kuivunja.

"Kidawa!" Sultani akanguruma. "Nimekosa kitu!"

Kidawa akainua uso, ulimi wima.

"Dawa, Maulana?"

"Ilikuwepo."

"Joho?"

"Lilinifaa."

"Sindano?"

"Nilishonea kifungo. Mwenyewe."

"Hongera. Ulikosa nini basi?"

Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwashiria asogee. Akamnong'oneza sikioni:

"Mtu wa kuniogopa. Siku kumi na mbili, sikumpata hata mmoja! Nilikwenda kuoga hamamuni, nikapangwa foleni nyuma ya muuza vitunguu. Nikamwambia, mimi Sultani. Akaniambia, mimi nimetangulia. Na watu wakamuunga mkono! Kitu hicho hukunifungia, Kidawa. Nyumba yako imekwenda."

Kidawa akajinyoosha. Akakaza kanga yake kiunoni, akasema kwa sauti iliyofika uani:

"Haki yako, Maulana, ahadi ni ahadi. Mwite mpiga mbiu umwambie sababu, akaitangaze sokoni. Mimi huyo nakwenda kufunga virago. Ila mweleze taratibu, asije akamsahau yule muuza vitunguu."