Kinyota Kando ya Jina la Kinasih

Hospitali ile ilikuwa imejishikiza kwenye kiuno cha mlima, huko Java ya Kati, Indonesia, mahali ambapo ukungu huingia madirishani kama mgeni asiyepiga hodi. Zamani mabibi wengi wa huko walizeeka na uvimbe shingoni mkubwa kama embe. Kwa hiyo daktari alipotaja neno "tezi", kiungo kinachovimba hapo shingoni, hakuna mzazi aliyelichukulia kwa mzaha.

Bi Lasmini alikuwa amefanya kazi katika maabara ya hospitali hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na mkono mwepesi. Watoto walisema sindano yake haifikii hata siafu kwa uchungu. Damu aliyoitoa aliiingiza katika mashine, nayo mashine ilitoa majibu kwenye karatasi. Jibu likivuka mpaka wa kawaida, liliwekewa kinyota.

Kinasih, binti wa miaka minne, alipata kinyota: homoni ya ubongo inayoisukuma tezi ilikuwa juu. Mama yake, Wuryani, mkulima wa viazi, alikuwa amempeleka kwa kuwa hakurefuka upesi kama binamu zake. Daktari Haryo, kijana msomi mwenye huruma, alimweleza kwamba homoni hiyo hupanda kwa kuwa tezi ya mtoto imelegea, na tezi ikilegea utotoni akili hudumaa. Akaandika kidonge cha homoni ya tezi, cha kila siku. Wuryani alikipokea kwa mikono miwili.

Miezi miwili baadaye mtoto hakuwa yule. Alitokwa na jasho kwenye baridi, usingizi ulimpaa, akakonda kama ng'onda, na moyo ulimwenda mbio hata alipokuwa ameketi. Siku aliyorudishwa kutolewa damu, Wuryani alimsimulia Bi Lasmini yote.

"Nilileta mtoto mzima, Bi Lasmini," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa ndiyo ninaye mgonjwa."

Maneno hayo yalimchoma Bi Lasmini. Alitoa kabatini karatasi za watoto za mwaka mzima, akakuta theluthi yake ina vinyota. Je, theluthi ya watoto wa mlima ni wagonjwa, ilhali kutwa wanakimbizana matutani? Akakisoma kijitabu cha mashine mstari kwa mstari. Mipaka iliyoandikwa humo ilitokana na damu ya watu wazima wa nchi ya mbali. Hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Daktari Haryo, alipoletewa kijitabu, aliusoma ukurasa ule mara mbili, uso ukamshuka. Alipunguza dawa siku ile ile, lakini hakuthubutu kuikatisha.

"Nikikosea huku, namtesa. Nikikosea kule, naiua akili yake," alisema. "Nitajuaje?"

"Tuwapime watoto wazima, Daktari," alijibu Bi Lasmini. "Damu yao ndiyo itakayotuambia."

Kamati ya maadili ya utafiti ya hospitali iliwapa ruhusa. Kila rika, kuanzia vichanga hadi vijana, lilihitaji watoto mia moja na ishirini wasio na ugonjwa wala dawa, na wazazi wao waridhie. Hapo ndipo kazi ilipokwama kama gari matopeni. Siku ya kupima uzito wa watoto kijijini, akina mama walikunja mikono. Nani atatoa damu ya mtoto asiyeumwa? Msemaji wao alikuwa Ngatini, jirani ya Wuryani, mjamzito wa miezi mitano mwenye ulimi kama wembe.

"Wako mgonjwa, shoga, sasa unataka na wetu watobolewe mlingane?" aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

Wuryani hakukasirika. Alimpakata Kinasih, akaufunua mkono wake uliojaa alama za sindano.

"Wangu ametobolewa mara saba, Ngatini. Naomba wako atobolewe mara moja tu, ili wangu apumzike."

Kicheko kilikatika. Ngatini aliutazama mkono ule, akamshika mwanawe wa kwanza na kumkalisha mbele ya Bi Lasmini. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Baada ya miezi mitano hesabu ilikamilika, na kila rika likawa na mipaka yake. Watoto wadogo walikuwa juu kuliko watu wazima kwa homoni zote mbili, ile ya ubongo na ile ya tezi yenyewe, na ndivyo walivyoumbwa. Jibu la kwanza la Kinasih, lile lenye kinyota, lilikuwa katikati kabisa ya wenzake. Daktari Haryo alimwita Wuryani, akamwomba radhi bila kujitetea, na kidonge kikasimamishwa.

Bi Lasmini hakutosheka. Alizirudia karatasi za zamani, safari hii akitumia mipaka mipya. Karatasi moja ya wiki iliyopita ilimsimamisha. Ilikuwa ya mtoto wa Ngatini, kichanga wa wiki tatu aliyeletwa kwa kulala mno na kukawia kunyonya. Siku ile palikuwa na dawa ya kupimia homoni moja tu, ile ya tezi yenyewe, na jibu halikuwa na kinyota, wakaambiwa warudi nyumbani. Kwa mtu mzima jibu lile lilikuwa sawa. Kwa kichanga, lilikuwa chini mno. Gari la hospitali lilipanda mlimani adhuhuri hiyo hiyo, na kabla ya jua kuchwa mtoto alikuwa amepata dawa.

Wiki sita baadaye akina mama hao wawili walikutana kwenye benchi la maabara. Kinasih alikuwa amenona, anatafuna tempe, mkate wa soya iliyochachuka, na kuuliza maswali yasiyo na mwisho. Majibu yake yalikuwa safi bila kidonge chochote. Kichanga alinyonya kwa pupa, macho yakiwa yamechangamka. Daktari alikuwa amesema kuwa wamemwahi.

"Nilimtoa mwanangu mkubwa atobolewe ili wako apumzike," alisema Ngatini, machozi yakimlengalenga. "Kumbe nilikuwa nawatolea wote wawili, wako na huyu wangu mdogo."

Wuryani akacheka, akampokea mtoto ampakate. Bi Lasmini, aliyewasikia kutoka mlangoni, alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mipaka ya watu wazima iliwekwa kwa watoto, ikamtesa aliye mzima na kumwacha wazi aliye mgonjwa. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.