Fundi wa Baridi na Joto la Kale

Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa, baina ya duka la vioo na kibanda cha fundi viatu. Mlangoni yalijipanga majokofu yaliyovuliwa milango, mfano wa wagonjwa wanaosubiri zamu. Ndani kulikuwa na mitungi ya gesi, mabomba membamba ya shaba na harufu ya mafuta ya mashine. Mwenyewe watu walimwita Barafu, na jina hilo alilichuma kwa jasho. Kwa miaka thelathini alikuwa akitega sikio ubavuni mwa kompresa, ule moyo wa jokofu unaosukuma gesi, kimya kama daktari, kisha akautaja ugonjwa, na ukawa huo huo. Lakini sifa zina ulevi wake. Barafu hakuzoea kukosolewa. Aliyethubutu kumwelekeza alitazamwa kwa jicho la pembe, na pengine akasindikizwa na neno lenye miiba.

Siku moja alipelekewa friza ya hospitali iliyotakiwa kushuka hadi nyuzi themanini chini ya sifuri. Alipokwisha kuitengeneza akaichukua simu yake, akatafuta mtandaoni kama ipo baridi inayoishinda hiyo. Ukurasa ukazaa ukurasa, hata akajikuta anasoma habari za anga. Huko, mbali na nyota zote, baridi hukaribia nyuzi mia mbili na sabini chini ya sifuri. Barafu akatabasamu kama mtu aliyesikia habari za bingwa wa kazi yake. Sentensi iliyofuata ndiyo iliyomwacha na bisibisi mkononi: baridi hiyo ni mabaki ya joto. Zamani za kale, miaka ipatayo bilioni kumi na nne iliyopita, ulimwengu ulikuwa moto kupita tanuri lolote. Ukatanuka, na kadiri ulivyotanuka ndivyo ulivyopoa.

Kutanuka na kupoa! Hilo alilijua viganjani mwake. Gesi ikitoka kwenye bomba jembamba na kuingia penye nafasi hutanuka na kupoa, na hivyo ndivyo jokofu lifanyavyo kazi. Alitoka nje akasimama kati ya majokofu yake, akaitazama mbingu nyeupe ya adhuhuri kana kwamba mtu amemwita kutoka huko.

Tangu hapo chakula chake cha mchana kilipoa kwenye bakuli huku macho yake yakiwa kwenye simu. Haukupita mwezi akajiandikisha katika kozi ya bure iliyofundishwa mtandaoni na mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, kila Jumamosi asubuhi, kuhusu chanzo cha ulimwengu. Mhadhiri alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na sheria zisizopinda: atakayeshindwa majaribio matatu ataondolewa, nafasi yake apewe mwingine.

Maelezo Barafu aliyanywa kama maji ya kisima. Hesabu ndizo zilizomtoa kamasi. Shule aliiacha angali mdogo, na sasa alama zile zilimkodolea macho zisimwambie kitu. Jaribio la kwanza akaanguka. La pili akaanguka tena. Fundi viatu, aliyemwona ameinamia daftari, alimwuliza kama amerudishwa darasa la kwanza. Badala ya kumrushia neno lenye miiba, Barafu aligeuza ukurasa, nalo lilikuwa jambo geni.

Mke wake ndiye aliyetamka kile ambacho mumewe alikuwa akikikwepa. Alimwambia kwamba mwalimu wa hesabu yumo katika ukoo, tena tumbo moja naye.

Alimkusudia mdogo wa kike wa Barafu, ambaye naye hawakuwa wamesemezana kwa miaka minne. Dada huyo alikuwa amerudi chuoni akiwa na miaka arobaini ili aongeze shahada. Siku alipowaeleza ndugu waliokusanyika, Barafu alicheka na kusema kwamba kumsomesha mtu mzima ni kulipaka rangi gari bovu. Ndugu wakacheka naye. Dada akainuka bila kunawa mikono, akaenda zake. Shahada aliipata, na kaka yake hakumpa hata pongezi.

Siku tatu Barafu alizunguka na jambo hilo kama mtu mwenye mwiba unyayoni. Alitafuta video, akamwuliza mwanafunzi mwenzake wa mtandaoni, akanunua kitabu kisichomsaidia. Siku ya nne akapiga moyo konde, akavaa shati safi na kuvuka mji.

Alimkuta dada yake barazani, amezungukwa na madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi. Dada alimwamkia kwa heshima impasayo kaka, ila sauti yake ilikuwa kavu. Akamwuliza kama alikuwa na safari ya kwa fundi mwenzake fulani wa mtaa ule, akapita tu.

"Nimekuja kwako," Barafu alisema. "Siku ile mbele ya ndugu nilikuvunjia heshima. Nilikosea, mdogo wangu. Sina udhuru. Na leo hilo gari bovu ni mimi, nimekuja kuomba unifundishe hesabu."

Dada aliifunika kalamu yake, akayasogeza madaftari kando. Barafu alisubiri afukuzwe, na moyoni alijua kwamba angestahili.

"Daftari umekuja nalo, kaka?" dada aliuliza.

Walianzia mbali: sehemu, migawanyo, namba zilizo chini ya sifuri. Mara tatu kwa juma Barafu alifunga karakana mapema na kuvuka mji. Kosa jekundu lilipowekwa juu ya kazi yake, uso ulimwiva, lakini alifuta na kuanza upya. Siku moja dada alimwuliza, nyuzi ishirini za joto zikipungua nusu zinabaki ngapi. Akajibu upesi kwamba ni kumi.

"Kwa hiyo friji yenye nyuzi nne ina joto maradufu ya ile yenye mbili?"

Barafu alicheka. Hilo hata mpiga deki wa karakana asingelikubali.

"Basi sifuri yako ni pale maji yanapoganda tu," dada alisema. "Baridi inaendelea chini yake. Anza kuhesabu kutoka kule inakoishia."

Hapo pazia likafunguka. Akahesabu kutoka kule chini kabisa, nyuzi mia mbili na sabini na tatu chini ya sifuri, pasipo na baridi zaidi. Mwanga wa kale, ule uliobaki kutoka moto wa mwanzo, ulipoachwa huru, ulimwengu ulikuwa na joto la nyuzi kama elfu tatu. Tangu hapo umetanuka mara elfu moja na mia moja. Akagawanya, akagawanya tena kwa kutojiamini. Zilibaki nyuzi mbili na ushei, karibu tatu, juu ya kule chini kabisa: yaani kama mia mbili na sabini chini ya sifuri. Ndiyo ile baridi aliyoisoma siku ya kwanza, na sasa ilikuwa imetoka kwenye kalamu yake mwenyewe. Akalizungushia jibu duara, akamsogezea dada yake daftari.

Jaribio la tatu alilishinda, na yaliyofuata pia. Jumamosi ya mwisho dada yake aliketi kando yake karakanani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mtungi wa gesi. Mhadhiri alimwita Barafu aeleze kwa nini anga ni baridi. Akaeleza habari za jokofu, bomba na gesi inayotanuka, na darasa zima likatulia kumsikiliza. Mhadhiri alimsifu kwa dhati, kisha akamkosoa: mwanga wa kale haupoi hasa kama gesi ya jokofu, wenyewe hunyooshwa pamoja na anga, na kwa kunyooshwa hupungukiwa na nguvu.

Dada alimtazama kaka yake kwa wasiwasi, maana alimjua.

"Asante, Mwalimu," Barafu alisema, akavuta daftari karibu. "Naomba unirudie hapo, polepole, niandike."

Dada aligeuza uso akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mtu aliyetaka kujua mbingu zilianzaje alilazimika kwanza kuushusha moyo wake, na alipoushusha alipata elimu na akampata dada yake pia. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.