Haumi Si Mnyororo

Mbwa wa Lwidiko Sanga alimng'ata Tulinagwe, fundi cherehani, mkono wa kulia. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Tulinagwe hakuruka ukuta wala hakumchokoza mbwa. Alipiga hodi, akaambiwa karibu, akaingia.

Nyinyi mmekuja kwangu kuchomelewa magoli ya timu yenu, na njiani mmemsikia bibi mmoja akimwambia mwenye mbwa, "Haumi si mnyororo." Mkacheka. Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Haya, wekeni simu chini. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hapo ng'ambo ya barabara, kwenye geti lile la buluu. Geti hilo nililichomelea mwenyewe.

Lwidiko alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Wezi walipomwibia mara mbili, alikwenda mjini akarudi na mbwa ambaye hatukuwa tumeona mfano wake. Kichwa kama karai, shingo huioni, kifua kama cha fahali. Akamwita Meja. Mwezi wa kwanza Meja aliua mbuzi mwenye mimba. Mwezi wa pili alimpandisha katekista juu ya tangi la maji, akamweka huko tangu asubuhi hadi adhuhuri. Tulicheka wiki nzima. Kila mara Lwidiko alisema neno lile lile: "Anacheza tu. Haumi."

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Kaduma, akaitisha mkutano katika ghala la ushirika. Hoja ilikuwa moja: mbwa wa aina ile waruhusiwe mtaani kwetu au wasiruhusiwe?

Lwidiko alijua kusema. Alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Ndugu zangu, mbwa ni malezi. Mnataka kumfukuza Meja kwa sababu ya ukoo wake? Nani hapa anataka kuhukumiwa kwa ukoo wake? Mwenyekiti, babu yako si alifungwa kwa wizi wa ng'ombe? Mbona tumekupa muhuri?"

Ghala zima likaangua kicheko. Kaduma naye akacheka, ingawa si sana.

"Na tuseme ukweli," Lwidiko akaendelea. "Aliyewahi kuumwa na mbwa koko anyooshe mkono."

Nusu ya watu wakanyoosha.

"Aliyeumwa na Meja?"

Hakuna mkono.

Ndipo Tulinagwe aliposimama, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikuwa mjane. Watoto wake watatu walikula kwa cherehani ile, na nusu ya sare za shule mtaani zilitoka mikononi mwake.

"Kaka Lwidiko, mimi koko wameniuma mara mbili. Nilichomwa sindano, kesho yake nikakaa kwenye cherehani. Sikuulizi mbwa yupi ana adabu. Nakuuliza mdomo ule ukishafunga, utafunguliwa na nini? Koko akikosea, nafunga kitambaa. Meja akikosea, nafunga duka."

Maneno yale yalikuwa yameingia. Kisha mpumbavu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Dada, unamwogopa mbwa ambaye hata hajakunusa!" Watu wakacheka tena, na uzito wote ukaondoka.

Mpumbavu huyo nilikuwa mimi. Lwidiko alikuwa mteja wangu mkubwa na nilitaka anisikie.

Mkutano ukaishia katikati, kama mikutano yetu inavyopenda kuishia. Meja abaki, ila afungwe mnyororo tangu asubuhi hadi jioni. Kazi ya kutengeneza mnyororo nikapewa mimi. Niliutengeneza vizuri, mita tatu, pete nene, ndoano mbili. Lwidiko alikuja kuuona, akaupima kwa mkono.

"Fundi, huu ni wa kuvutia lori. Watu wakimwona Meja amefungwa hivi, si watasema nimekubali kwamba ni mkali?"

"Na azimio la mkutano?"

"Azimio lile ni la kuwatuliza akina mama. Haumi, na wewe unajua."

Nilicheka. Nikautundika ukutani. Ndio huo hapo nyuma yenu. Msiuguse.

Wiki tatu baadaye binti wa Lwidiko alikuwa anajiandaa kupokea kipaimara siku ya Jumapili. Gauni lake jeupe alilishona Tulinagwe. Alhamisi akaja kumjaribisha, gauni likiwa mkononi ndani ya mfuko wa nailoni ili lisishike vumbi. Mimi nilikuwa hapa nakata mabomba. Nilisikia kila neno.

"Hodi hapa!"

"Karibu, fundi! Sukuma geti," Lwidiko akajibu kutoka barazani. Alikuwa anakunywa chai.

"Mbwa umemfunga?"

"Ingia, dada. Haumi!"

"Nimeuliza kama umemfunga, kaka."

"Na mimi nimekujibu, haumi! Au unataka uandikiwe barua ya mwaliko?"

Nyinyi mnazijua desturi zetu. Mtu akikukaribisha mara mbili na bado umesimama getini, umemtukana. Ni kama umesema ndani mwake kuna uchawi. Tulinagwe alisita. Akageuka akanitazama mimi huku ng'ambo, kama mtu anayetafuta shahidi. Alitaka niseme neno moja tu. Mnyororo ulikuwa umening'inia nyuma ya mgongo wangu, na nilijua kwamba Meja hajafungwa, kwa sababu cha kumfungia nilikuwa nacho mimi.

Nikampungia mkono. Ingia tu.

Akaingia.

Meja hakubweka. Alitokea nyuma ya gari, kimya, akashika mkono ule uliobeba gauni. Nilikimbia na bomba la chuma. Lwidiko alikuwa ameshafika, anapiga kelele, "Meja! Acha! Meja!" Mbwa hakumsikia hata kidogo. Tulikuwa wanaume watatu, pamoja na mpita njia mmoja, na ilibidi nipenyeze bomba katikati ya meno na kulikalia kwa uzito wangu wote ndipo mdomo ukafunguka. Swali la Tulinagwe pale ghalani likapata jibu. Gauni halikuwa jeupe tena. Binti alikuwa amesimama mlangoni, anaona yote.

Miezi saba baadaye Kaduma akaitisha mkutano mwingine katika ghala lile lile. Meja alikuwa ameshauawa, lakini palikuwa na wengine wanne wa aina yake, maana matajiri wetu huigana. Lwidiko akasimama. Safari hii koti alikuwa hajavaa.

"Ndugu zangu, nisameheni. Lakini mniamini, kabla ya siku ile alikuwa haumi."

Tulinagwe alikuwa ameketi mbele, mkono umefunikwa kwa khanga. Hakusimama. Alisema, "Haumi si mnyororo."

Basi. Kaduma alipoita kura, mikono yote ikanyooka, wa Lwidiko na wangu pia. Tulinagwe akanyoosha wa kushoto. Tangu siku ile mbwa wa aina ile hawafugwi katika mtaa huu, wala hawauzwi, wala hawapiti.

Najua wapo wanaosema mbwa hana kosa. Kweli hana. Mtungi wa gesi nao hauna kosa, lakini sijawahi kuulaza mahali cheche zinaporukia, wala sisubiri unionyeshe tabia yake. Na wapo wanaosema tuliwaonea mbwa wanne ambao hawakuwa wamemgusa mtu. Meja naye hakuwa amemgusa mtu. Hoja hiyo niliitumia mimi, kwa sauti kubwa, na watu walicheka.

Kwa hiyo mtu akikuambia mbwa wake haumi, usimbishie. Pengine ni kweli leo. Wewe mwambie, "Haumi si mnyororo," na usiingie, hata akikukaribisha mara kumi. Methali hii si ya kuchekea. Mkitaka kujua uzito wake, hesabuni nami.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia, vimekwenda. Kidole gumba kipo, lakini hakiumi, hata ukikichoma sindano. Upasuaji mara nne. Miezi saba bila cherehani, kisha cherehani ikauzwa. Mtoto mmoja kati ya watatu aliacha shule akaenda kulea watoto wa watu. Gauni moja lililochomwa moto, na msichana mmoja ambaye Jumapili ile hakutoka nyumbani. Hatua ishirini na sita kutoka ukuta huu hadi geti lile, nimezipima. Na mnyororo mmoja, mita tatu, ambao haujafunga kitu hadi leo.