Valvu ya Mwisho Kanja

Wewe unayesoma, usigeuze uso. Uliugeuza wakoloni walipotuchimbisha handaki kuzunguka kijiji na kutufungia ndani kama mbuzi. Ukasema hayo ni ya Hali ya Hatari, yatapita. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, nawe ukaifanya methali hiyo mto wa kulalia. Basi sikiliza maana yake, kama ilivyoonekana katika kijiji cha Kanja mwaka wa hamsini na saba.

Kithaka, fundi wa redio aliyejifunza kazi kwa kufungua mitambo iliyotupwa na kambi ya askari, alikuwa ameinamia ubao uliopigiliwa misumari. Misumari ndiyo iliyoshika nyaya. Katikati ilisimama valvu, kichupa cha kioo chenye uzi mwembamba kama unywele. Uzi ukipata moto wa kutosha, redio husema. Ilibaki valvu hiyo moja tu. Nyingine iliunguzwa asubuhi ile na rafiki yake Salesio, kwa pupa.

Nyuma ya Kithaka alisimama Wanja, mke wa Njagi, kaka yake Kithaka. Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuwa ametangaza kwamba Njagi amefia kizuizini, na kwamba saa kumi Wanja angetia kidole gumba kwenye karatasi ili shamba lipimiwe mtu mwingine. Lakini saa tisa na nusu redio ya serikali ingesoma majina ya watakaoachiliwa. Jina la Njagi likisikika, uongo umekufa. Lisiposikika, shamba limekwenda.

"Tia rezista moja tu, bwana!" Salesio alinong'ona, jasho likimchuruzika. "Saa imefika!"

Rezista ni vijiti vya kupunguza nguvu za umeme. Kithaka alikuwa na tano kiganjani. Betri ilikuwa ya lori, volti sita. Valvu ilitaka mbili. Hesabu aliijua, lakini rangi za kuonyesha kiasi cha kila rezista zilikuwa zimebabuka kwa moshi, na chombo cha kupimia hakuwa nacho.

"Nikizidisha, itanyamaza tu," alijibu. "Nikipunguza mno, itakufa. Bubu hutibiwa, maiti haitibiwi."

Akaziunga zote tano, mkia kwa kichwa, akagusisha waya. Kimya.

Mlango ukasukumwa. Bundi, homugadi, mgambo wa serikali pale kijijini, aliingia na bunduki begani. "Fundi, mnapika nini bila moshi?" alicheka, kisha akamgeukia Wanja. "Mama Igoki, twende. Mpimaji hangoji mtu."

"Niliitwa saa kumi," Wanja alimjibu. "Au hedimani amekunyima saa, akakupa bunduki peke yake?"

Kithaka hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vitulivu. Aliondoa rezista moja. Katika visikizio vya masikioni ukaja mvumo, kama nyuki walio mbali. Akaondoa ya pili. Sauti ya mtu ikatokea, nyembamba kama ya mbu, ikisoma majina.

"Toa nyingine, isikike!" Salesio akanyoosha mkono.

Kithaka akamshika kifundo cha mkono. "Leo umeshaua moja. Shemeji, nipe sufuria."

Akaviweka visikizio ndani ya sufuria tupu, na sauti ikavimba hadi mlangoni. Jina la kwanza halikuwa la Njagi. La pili pia. La saba likasomwa polepole: "Njagi wa Kivuti, Kanja."

Wanja hakulia. "Bundi, umesikia?"

Bundi aliitazama sufuria kana kwamba ingemuuma. "Mimi nimetumwa tu, mama."

"Sikukuuliza aliyekutuma. Umesikia?"

"Nimesikia," akasema, akashusha macho.

"Basi utasema hivyo hivyo mbele ya mpimaji na watu wote." Akatoka, amekikunja kidole gumba ndani ya ngumi. Bundi alimfuata nyuma kama mfungwa.

Aliyekimbilia sauti kubwa aliua valvu. Aliyepunguza moja moja aliokoa shamba. Lakini angalia vizuri: Kithaka hakukaa bure hata dakika moja. Wahenga hawakumsifu mkaa pole. Yapo mashamba ya waliofungwa ambayo hadi leo yamo mikononi mwa wengine, na wewe unajua ni yapi. Inuka sasa hivi, nenda kaulize shamba la jirani yako alipewa nani. Uliza mlango kwa mlango, usikimbie wala usisimame, kwani mwenda pole hajikwai.