Kiboko Awafundisha Kasuku Kusahau

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa tai kwenda kazini ingawa hakuna aliyejua kuandika, Kiboko alikuwa na kampuni ya kutunzia watu chakula.

Kumbukumbu zote za kampuni zilikuwa vichwani mwa kasuku. Ukileta mzigo, unautaja mbele ya kasuku, naye anarudia mpaka anakariri. Masika ikikaribia, kasuku wazee waliachiwa waende zao, wakaletwa wapya. Aliyewatunza ni Kindi, mdogo hata kitunguu kilimtosha kuwa kiti. Bosi mwenyewe hakuwahi kukanyaga chumba cha kasuku, alichukia kinyesi cha ndege.

Basi Mama Kobe akaweka kapu la karanga za mbegu. Kiboko akapita ghalani, akasema anaonja tu. Kwachu, kwachu, kwachu! Kapu likabaki tupu.

Mama Kobe alipozifuata karanga zake na kuzikosa, alilia sana, akaondoka kwenda kumshtaki Kiboko kwa Hakimu Tembo. Alikwenda kwa mwendo wake, mnaujua. Kwa hiyo kampuni ilipata muda mzuri wa kujiandaa.

Kindi alikimbia kwa bosi. Akamweleza kwamba kesi inanukia, na kampuni yenye akili hutunza kumbukumbu zake mapema. Masika hii asiachiwe kasuku hata mmoja.

Kiboko akamkazia macho. "Waachie wote leo hii. Halafu nitamwambia Hakimu karanga umekula wewe. Kindi na karanga, nani atabisha?"

Kindi aliogopa kweli, watoto, maana mla amana alifukuzwa msituni yeye na wanawe wote. Lakini akili yake haikulala.

"Sawa, bosi," akasema. "Ila wakitoka wanajua, si watayasema huko waendako? Bora wasahau kwanza."

"Kasuku anasahauje?"

"Anaamriwa na mwenye kampuni. Unamtajia kabisa cha kusahau, naye anakirudia mpaka kimtoke."

Kiboko akaingia chumbani, akakaa chini, puu! Akavuta pumzi. "Sahau kwamba mimi Kiboko nimekula karanga za Mama Kobe."

Kasuku wakarudia. Kindi akawategea sikio, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema bado kidogo kimebaki, awaambie tena. Kiboko akawaambia tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka na akaanza kubeua. Ndipo Kindi akampongeza, akamshauri asiwaachie sasa, bali awapeleke barazani, Hakimu ajionee walivyo watupu.

Mama Kobe akafika hatimaye. Baraza likakaa. Kiboko akanyoosha tai yake, akasema karanga kala Kindi, na kasuku wa kampuni waulizwe kama wanajua lolote baya juu yake yeye Kiboko.

Tembo akawageukia. "Karanga za Mama Kobe zimekwenda wapi?"

Kasuku wote wakavuta pumzi. "Sahau kwamba mimi Kiboko nimekula karanga za Mama Kobe." Mmoja wao, mwanafunzi hodari, akamalizia kwa kubeua. Beeeu!

"Nyamazeni! Nimewaambia msahau!" Kiboko akafoka.

"Nyamazeni! Nimewaambia msahau!" wakaitikia kwa pamoja.

Tembo alicheka mpaka kiti kikavunjika. Alipookotwa, akaamuru Kiboko alipe kapu zima la mbegu na kumlimia Mama Kobe shamba lake kabla mvua haijanyesha. Akalima, tai shingoni, huku Kindi amekaa juu ya kitunguu chake anawalisha kasuku.

Watoto wangu, kesi ikinukia tunza kila ulichonacho, kwani anayehangaika kufuta kosa lake ndiye anayelitangaza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mkitaka kuisahau, sahauni kimyakimya.