Paneer kwa Mgeni Asiyekula Nyama

Wapendwa, kabla sijafungua Neno, twendeni kwanza jikoni. Na msianze kumeza mate, pishi la leo halina nyama!

Kulikuwa na mama mmoja aliyepakana ukuta kwa ukuta na bibi wa Kihindi. Mtoto wa huyu mama alipolazwa wiki tatu, bibi yule ndiye aliyekuwa akimpelekea uji hospitali kila asubuhi. Lakini miaka kumi na moja ya ujirani, bibi hakuwahi kula hata tonge moja kwake, maana hali nyama, wala chakula kilichogusana na nyama. Sasa bibi anahama. Jumamosi anakwenda kuishi kwa mwanawe, mbali. Yule mama akaapa: "Haondoki huyu kabla hajala kwangu."

Akanunua sufuria mpya, kisu kipya, ubao mpya. Akajifunza kutengeneza paneer, ile jibini ya Kihindi: unachemsha maziwa, unakamulia limau, yakikatika unayachuja kwa kitambaa safi, halafu unakandamizia jiwe mpaka yashikane. Jumatano akakosa subira, akaondoa jiwe mapema. Vipande vyote vikasambaratikia kwenye mchuzi, ikawa kama uji! Alhamisi maziwa yakaungua. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, si umpe soda na biskuti, yaishe?"

"Soda hata dukani ipo. Huyu atakula nilichopika kwa mkono wangu."

Ijumaa ikakubali, jamani! Paneer imeshikana, imekaangwa ikapata rangi, imelala ndani ya mchicha uliosagwa, tangawizi na bizari zinanukia mpaka nje. Bibi akaja, akanawa, akaketi, akamega chapati. Yule mama akainua upawa apakue, ndipo akautazama vizuri. Kumbe ni ule ule wa siku zote, wa supu ya mbuzi, na ndio aliokorogea mchuzi tangu mwanzo. Mumewe naye akauona, akamkonyeza anyamaze.

Nani mwingine angejua? Hakuna. Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka, nakujua!

Machozi yakamtoka yule mama. "Mama, usile. Nimekorogea upawa wa nyama. Nisamehe."

Bibi akairudisha chapati sahanini. "Mwanangu, miaka yote hii, sufuria zako hazikunitisha. Nilichoogopa ni kwamba siku ukikosea utaona haya kuniambia. Maziwa yamebaki?"

"Yapo lita mbili, mama."

"Yabandike. Leo nakula hapa."

Ndugu zangu, sisi ni mabingwa wa sufuria mpya. Tumebatizwa, tumeshona sare za kwaya, tunawahi viti vya mbele. Tukikosea, tunapakua hivyo hivyo, tunatabasamu, tunajiambia hakuna aliyeona. Halafu tunashangaa mbona watu hawatuamini! Mungu anajua kwamba tutakosea. Anachotaka ni mtu wa kusema "usile, nimekosea" wakati chakula kimeshafika mezani na mgeni ana njaa. Inauma, najua inauma. Mimi mwenyewe wiki hii imenibidi.

Kuna mtu ulimlisha uongo, na mpaka leo anautafuna akidhani ni chakula. Unamjua kwa jina. Ukitoka hapa usipitie nyumbani kwanza. Nenda kwake, ukamwambie.